Karo langu halijawahi kujaa, bomba la majitaka la nini?

Baba mkubwa alinipigia simu saa moja asubuhi, nasema shikamoo yeye kashaanza kuongea, "Wewe si ndo fundi bomba wa ukoo, hebu njoo uwaambie hawa watu." Hao watu ni mamlaka ya maji ya mji wao (jina la mji naliweka kapuni, ni huko mkoani), walipitisha bomba kubwa la majitaka barabarani mbele ya geti lake, wakajenga chemba (lile shimo la kukagulia na kuzibulia bomba), wakafukia mtaro, wakaondoka, alafu miezi minne baadae ikaja barua yenye muhuri kwamba kila mwenye nyumba aunganishe ndani ya siku 90 na karo lake lifungwe. Mzee kaisoma mara tatu, kavua miwani, katoa sentensi ambayo nimeshaisikia kwa wateja wangu wengi tu kila bomba linapopita: "Karo nimelijenga mwaka 1994 kwa hela yangu na halijawahi kujaa hata siku moja. Leo nikatozwe kwa mavi yangu mwenyewe?"

Nilicheka, ila nilivyokaa nikaona mzee ana haki kwenye vitu viwili vitatu na amekosea kwenye kimoja kikubwa, na tatizo la huu ugomvi ni kwamba vyote vinaongelewa kwa pamoja kama kitu kimoja. Watu wanabishana karo zuri au baya, serikali inatuonea au haituonei, wakati hela na lawama nyingi zimelala kwenye zile mita chache kati ya choo chako na chemba ya barabarani, na hizo mita kwenye barua hazijaandikwa popote.

Tuanze na karo lenyewe maana wengi tunalo ila hatulijui. Karo, yani septiki tenki, lililojengwa inavyotakiwa ni boksi la zege lisilovuja, kawaida lina vyumba viwili. Uchafu unaingia chumba cha kwanza, kizito kinazama kinakuwa tope, mafuta na vinavyoelea vinapanda juu vinaganda kama ukoko kwenye sufuria ya ugali, na maji ya katikati ndo yanaruhusiwa kupita kwenda chumba cha pili, alafu yatoke. Mle ndani hakuna hewa, kuna bakteria wanaokula lile tope taratibu, ndo maana halipandi haraka, ila hawalimalizi, linapanda tu mwaka hadi mwaka mpaka linaanza kutoka pamoja na maji na hapo ndo unaita gari la kunyonya. Maji yanayotoka karo hayajawa safi, usidanganyike kwamba yametulia, vijidudu vya kuhara vimo, na kama kuna mgonjwa wa kipindupindu ndani ya nyumba navyo vimo. Kazi ya kusafisha inafanywa na udongo. Ile sokowei, lile shimo la pili linalonyonya, ndo linayapeleka maji kwenye udongo mkavu na huko yanachujwa na vijidudu vya udongoni vinamalizia kazi. Sasa udongo ukiwa mchanga mtupu maji yanapita mbio hayachujwi vizuri, ukiwa mfinyanzi hayapiti kabisa yanarudi juu, na sehemu ambazo maji ya ardhini yako karibu, kama Msasani na Mikocheni kule Dar wakati wa masika, huo udongo mkavu wa kuchujia haupo, karo linaogelea.

Kwaiyo mtu akiniambia karo lake halijawahi kujaa miaka thelathini mimi nasikia dalili ya ugonjwa. Karo lisilovuja linajaa maji wiki za mwanzo tu, na linabaki limejaa siku zote, usawa wa maji uko palepale kwenye bomba la kutokea, kinachoongezeka taratibu ni tope la chini na ukoko wa juu. Ukifungua mfuniko ukakuta maji yako chini sana ya bomba la kutokea ujue yanatoka kwa mlango mwingine.

Tulifungua la mzee Jumamosi. Mimi, kijana wangu mmoja, na mtaimbo, mzee kasimama pembeni na leso puani. Mfuniko ulivyonyanyuka nikamulika na tochi ya simu nikaona ukuta wa tofali bila plasta, chumba kimoja tu, bomba la kutokea liko juu kavu kabisa limejaa utando wa buibui, maji yako chini huko kama mita moja na nusu. Nikachovya mti mrefu, ukashuka kwenye tope, ukaendelea kushuka, nilivyoutoa ncha ilikuwa na udongo mwekundu. Halina sakafu! Ni shimo refu la choo lenye kuta nzuri na mfuniko wa zege, miaka yote hiyo lilikuwa linanywesha ardhi. Mzee akasema fundi wa 1994 alimwambia ndo yanavyojengwa, na simlaumu, nusu ya makaro ninayoyafungua yako hivyo, fundi anaacha chini wazi makusudi ili mteja afurahi kwamba halijai.

Nikanyanyua macho juu ya ukuta, ng'ambo kuna kisima cha mama jirani. Nikahesabu hatua kumi na nne. Kipimo kinachotumika sana kati ya kisima na shimo la choo ni mita 30, na hapo hujaangalia aina ya udongo na mteremko wa ardhi, sasa niambie kwenye viwanja vya mita 20 kwa 20 ambapo kila mtu ana karo na kila wa pili ana kisima hizo mita 30 utazitoa wapi, hata ukijenga karo la dhahabu. Hapo ndo mzee amekosea. Karo lake lilikuwa halimsumbui yeye. Wakati wa kipindupindu cha 2015, kile kilichoanzia Kinondoni, Dar, mwezi wa nane kikasambaa karibu nchi nzima, tulifundishwa sana kuchemsha maji na kunawa mikono, lakini hakuna aliyekuja kututazama chini ya mifuniko.

Mzee alinyamaza kidogo, akarudisha mfuniko kwa mguu. "Haya, nimeelewa. Lakini kwa nini nilipe mimi?"

Hapo sasa ndo ugomvi wenyewe.

Bomba kuu la barabarani na chemba iliyo mbele ya kiwanja ni mali ya mamlaka. Kuanzia hapo kuingia ndani ni mali yako, unajenga wewe, unatunza wewe, likiziba usiku wa manane unaniita mimi. Miradi mingi mikubwa, hasa ya mikopo na ufadhili, inahesabiwa kwa kilometa za bomba kuu na ukubwa wa mtambo, waziri anakata utepe, picha zinapigwa, ndani ya fensi yako hakuna bajeti. Matokeo yake bomba linapita mtaa mzima, nyumba zilizounganishwa unazihesabu kwa vidole, na bomba lenye maji machache linaanza kukusanya uchafu kwa sababu lilipigiwa hesabu ya mtaa mzima, yani hata kiufundi linaumwa kwa kukosa wateja. Ndo maana mamlaka inaandika barua za vitisho. Wao nao wana presha, mkopo unataka kulipwa.

Kwa mzee tulipiga hesabu: mabomba ya inchi nne, elbo na tii, chemba mbili ndogo za ndani kwa sababu kila bomba linapokata kona lazima uwe na pa kuzibulia, kuchimba, kuvunja pevingi alizoweka mwaka juzi na kuzirudisha, kulinyonya karo la zamani na kulifukia. Tukafika milioni moja na laki nane hivi, bado ada ya maombi. Kwa mstaafu hiyo ni hela nyingi, na barua imempa siku 90.

Kuna wenzetu ambao haya mambo wameyaweka wazi kwenye sheria. Jimbo la Florida huko Marekani, ambako nyumba nyingi bado zinatumia septiki, sheria yao inasema mwenye karo linalofanya kazi vizuri analazimika kuunganisha, lakini ndani ya siku 365 tangu apewe taarifa ya maandishi kwamba bomba liko tayari, na kabla ya hapo mwenye bomba anatakiwa ampe tahadhari mwaka mmoja kabla, na ada za kuunganishwa mwenye nyumba anaweza kuzilipa kidogo kidogo kila mwezi badala ya kuzitoa kwa mkupuo. Karo likiwa limeshaharibika muda unakuwa mfupi, siku 90. Sisemi Florida hakuna kelele, zipo tena za mahakamani, ila angalau mtu anajua ana muda gani na analipa vipi. Kwetu barua ya mzee ilikuwa na mistari sita na haikutaja hata kifungu cha sheria wanachotumia. Na hilo ndo swali la kwanza la kuuliza, kwa heshima na kwa maandishi: mnanilazimisha kwa kifungu kipi, na siku 90 zimetoka wapi.

Kuna kitu kingine ambacho ofisa aliyekaa ofisini hawezi kukijua, nacho ni levo, yani nani yuko juu na nani yuko chini. Majitaka hayasukumwi, yanateremka yenyewe. Nyumba zetu nyingi karo liko nyuma, uani, karibu na ukuta wa jirani, kwa sababu nani anataka shimo la choo mbele ya sebule, wakati bomba la serikali liko mbele barabarani. Kwaiyo unatakiwa ugeuze mfumo wote wa nyumba, kilichokuwa kinateremka kwenda nyuma kiteremke kuja mbele, kupitia pembeni mwa nyumba, chini ya miti, chini ya pevingi, na kifike kwenye chemba kikiwa bado kiko juu ya kitako cha bomba la mle ndani.

Tulipima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoona ndani, hakuna kifaa cha bei rahisi kinachoushinda. Unaujaza maji unatoa mapovu yote, mmoja anashika ncha moja uani mwingine anashika ya pili getini, maji yakitulia ncha zote mbili ziko usawa mmoja hata kama katikati kuna nyumba. Ukiweka alama kwenye kuta zote mbili una mstari wa kupimia kila kitu. Mzee mwenyewe ndo alishika ncha ya getini, akawa anapiga kelele "yametulia, yametulia, subiri, yanacheza tena". Kutoka choo cha ndani mpaka chemba ya barabarani tukapata mita 31. Bomba la choo linatoka sentimita 55 chini ya alama. Kitako cha chemba kiko sentimita 110 chini ya alama ileile. Yani nina sentimita 55 za kuchezea kwa mita 31.

Bomba la inchi nne mafundi tunapenda lishuke moja kwa arobaini, maana yake kila mita 40 lishuke mita moja. Kwa mita 31 hiyo ni sentimita 78 hivi. Hazipo. Ukilaza kidogo ukaenda moja kwa sitini unahitaji kama 52, hapo unabaki na sentimita tatu mkononi, inawezekana ila fundi asisinzie, kila kipande cha bomba kinalazwa na kamba na mchanga laini chini yake, likibonyea sehemu moja tu uchafu utakaa pale na utakuwa unazibua kila mwezi. Hiyo ni choo cha ndani. Choo cha wapangaji wa vyumba vya nyuma kiko chini zaidi, bomba lake linatoka sentimita 90 chini ya alama, na kiko mbali zaidi. Hakifiki. Sio kwamba kinafika kwa shida, hakifiki, labda uweke pampu na tenki la kukusanyia, umeme ukikatika majitaka yanakurudia, au ukinyanyue choo chenyewe.

Haya hayajaandikwa kwenye barua. Chemba ya barabarani ingechimbwa sentimita 50 zaidi pale mbele kwa mzee kila kitu kingeingia kwa raha, lakini waliosanifu bomba walifata mteremko wa barabara, hakuna aliyekuja kupima makaro ya watu yako wapi. Na kuna viwanja ambavyo viko chini ya barabara kabisa, hao majitaka yao yanataka kwenda kwa jirani wa nyuma, na hapo unaingia kwenye haki ya kupitisha bomba kwenye ardhi ya mtu mwingine, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua, ila karatasi lazima iandikwe na isajiliwe, makubaliano ya "jirani pitisha tu" yanakufa siku jirani anapouza kiwanja.

Sasa bili. Kwenye majitaka huwa hakuna mita, nani ataweka mita kwenye hayo mambo, kwaiyo inapigwa hesabu kutoka kwenye maji safi. Wahandisi wanakadiria kama asilimia 80 ya maji yanayoingia ndani ya nyumba yanatoka kama majitaka, Nairobi kwa mfano imekuwa ikitumika asilimia 75 ya maji yaliyosomwa. Tuseme mzee anatumia uniti 20 kwa mwezi, asilimia 80 ni uniti 16, tuseme bei ni shilingi 500 kwa uniti (namba ya mfano hiyo, ya kwenu iangalie kwenye bili), inakuja 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka, miaka mitatu 288,000. Jirani yake mwenye karo la kweli anaita gari mara moja kila miaka mitatu kwa 150,000. Mzee akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi, na kwa hesabu hiyo ameshinda kweli, yeye na mama mkubwa wako wawili tu na wapangaji wachache.

Ila chukua nyumba ya kupangisha mtaa wa pili, familia nane, uniti 60 kwa mwezi, karo dogo, gari linakuja kila miezi miwili. Hiyo ni 900,000 kwa mwaka ya kunyonya tu. Kwenye bomba uniti 48 mara 500 ni 24,000 kwa mwezi, 288,000 kwa mwaka. Yani mwenye nyumba ya wapangaji anaokoa laki sita na zaidi kila mwaka, na wengi wao wenye hizo nyumba ndo wanaopiga kelele kuliko mzee wangu, kwa sababu masika wana njia yao ya bure: wanatapisha choo, mvua kubwa ikishika wanatoboa karo usiku linatiririka na mafuriko mpaka kwa watu wa mabondeni. Anayeishi Dar anajua naongelea nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, ila usiku wa mvua afisa mazingira naye amelala.

Ubaya wa hesabu ya mzee ni bustani. Ana mchicha, migomba mitatu na mpapai, maji hayo hayaingii kwenye bomba la majitaka hata tone lakini mita inayahesabu. Hapa namuunga mkono asilimia mia. Omba mita ya pili ya bustani, wakikataa wakujibu kwa maandishi sababu ni nini. Na kama una kisima chako cha kuchimba uliza mapema majitaka yako yatakadiriwa vipi, usisubiri bili ndo uanze kushangaa.

Mzee alikuwa na hoja moja ya mwisho, akaitoa tukiwa tunakunywa chai, na mpaka leo naona ndo nzito kuliko zote. "Wanayachukua kwangu, wanayapeleka wapi?" Kwa sababu bomba linahamisha uchafu tu, linalosafisha ni kile kilicho mwisho wa bomba. Dar katikati ya jiji, mfumo wa zamani wa enzi za mkoloni, majitaka kwa miaka mingi yamekuwa yakiishia baharini. Sehemu nyingine yanaenda kwenye mabwawa kama ya Vingunguti, pembeni ya mto Msimbazi. Mabwawa sio mzaha, ni teknolojia nzuri sana kwa nchi yenye jua, la kwanza lina kina kirefu halina hewa tope linazama, la katikati mwani wanatoa hewa na bakteria wanakula, la mwisho ni la kina kifupi jua linaua vijidudu, hakuna umeme wala kemikali. Ila yanataka kutolewa tope, yasipotolewa yanajaa na kinachotoka ni kilekile kilichoingia. Ndo maana mradi kama wa Mbezi Beach, ule wa pesa za Benki ya Dunia, ulikuwa na mtambo wake wa kuchakata na sio mabomba peke yake. Kwaiyo ukiitwa kwenye mkutano wa mtaa kuhusu bomba hilo swali la mzee liulize kwa sauti, wakikuonyesha mtambo unaofanya kazi hoja yako imeisha, wakikuzungusha basi wewe na mto wa mabondeni mna kesi moja.

Na hela ya kuunganisha inaweza kushuka, hilo watu hawaambiwi. Kuna mfumo wa mabomba madogo yanayopita chini kidogo tu, ndani ya viwanja badala ya barabarani, nyumba moja inapokea ya jirani wake na kupeleka mbele, ulianza Brazil kwenye mji wa Natal mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa kwetu wakazi wa Vingunguti wakishirikiana na shirika la CCI wameujenga na kuunganisha kwenye yale mabwawa, na kwenye vilima vya Mwanza umetumika pia, sehemu ambazo gari la kunyonya halipandi hata ulisukume. Unahitaji kitu kimoja kigumu, majirani wanaoelewana, maana ukiziba wewe anafurika mwenzako.

Kuhusu kulalamika, msifanye kama mzee alivyotaka kufanya, kwenda na barua mkononi kugombana na binti wa mapokezi. Mamlaka hizi ziko chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya 2019, na bei zao zinapitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Unaanza kwa mamlaka yenyewe kwa maandishi, unagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, huo muhuri ndo kila kitu. Wasipokujibu au jibu likikukera unapeleka EWURA, usiporidhika na EWURA kuna Baraza la Ushindani juu yake. Lipo pia baraza la watumiaji, EWURA CCC, kazi yao ni kukusaidia wewe. Na bei ikitaka kupanda kunakuwa na mkutano wa taftishi, yani wa kukusanya maoni ya watu, ni wa wazi, mara nyingi nusu ya viti viko tupu alafu bili ikija tunalia.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Hatukugusa karo la 1994 hata kidogo, hoja hiyo ilishakufa Jumamosi. Tuliomba muda wa miezi tisa, ada ilipwe kwa awamu kupitia bili, fundi wao aje apime levo ya choo cha nyuma, na mita ya bustani. Tukaambatanisha mchoro wangu wenye vipimo vyote, na nadhani mchoro ndo uliofanya kazi kuliko maneno, maana alikuja kijana mmoja mhandisi, mpole, "shikamoo mzee wangu", akapima na kifaa chake cha miguu mitatu akapata tofauti ya sentimita moja tu na mpira wetu. Mzee hilo kalisimulia mtaa mzima. Wakatupa miezi sita na awamu nne. Choo cha wapangaji tumekinyanyua, sasa kina ngazi tatu za kupanda na mlango mpya, wapangaji wanakiita ghorofani.

Karo la zamani lilinyonywa, likamwagiwa chokaa, likafukiwa kifusi na mchanga mpaka juu. Vijana wawili walitaka kuingia wakatoe matofali wakauze, niliwazuia kwa ukali na narudia hapa: usiingie kwenye karo hata likiwa limenyonywa, hata likionekana kavu, ile gesi yake unaisikia harufu mwanzoni alafu pua inakufa ganzi, unadhani imeisha, kumbe bado ipo na inaua, na anayemfata mwenzie kumuokoa anafia juu yake. Na maji ya mvua ya bati usiyaelekeze kwenye bomba la majitaka, yanajaza bomba la barabarani na yatarudi kwenye choo cha mtu mwingine, pengine chako.

Siku ya kuwasha tuliacha chemba ya getini wazi, mama mkubwa akafyatua maji ndani, mzee na mimi tumeinama tunasubiri kama tunangoja mzigo wa basi la mkoani. Yalikuja yametulia, kipande cha karatasi nilichotupia kikapita katikati bila kugusa ukingo. Mzee akasema "aah, kumbe."

Bili ya kwanza imekuja na mchicha wote ndani yake. Ombi la mita ya bustani halijajibiwa, leo ni wiki ya sita, nakala yenye muhuri iko kwenye droo ya mzee chini ya miwani.